Fundi anakuja kila Jumamosi, lakini pisini imekuwa kijani

mama_wa_belair aliandika:

Jambo yenu wote. Naomba msaada wa mtu anayeijua kazi ya pisini, yaani bwawa la kuogelea, kwa mikono yake mwenyewe.

Tunakaa Bel-Air, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya kaka yangu mkubwa. Yeye alihamia Kolwezi kikazi, nasi tukaingia Novemba iliyopita. Akaniachia nyumba, mbwa wawili na pisini. Pisini ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Upande wa watoto maji yanafika mita 1, upande wa pili mita 1.8. Pampu na chujio la mchanga viko kwenye kibanda nyuma ya jiko. Fundi huja kila Jumamosi, tunamlipa dola 80 kwa mwezi. Anaopoa majani kwa wavu, anapitisha brashi, anaweka vidonge vinne vikubwa vya klorini ndani ya skima, lile tundu la ukingoni linalovuta maji na majani, anaaga. Dakika 25. Mpaka mwezi uliopita sikuwa na neno naye.

Tangu jua la Oktoba lianze kuwaka, maji yamebadilika. Kwanza yalifanana na maji yaliyooshewa mchele. Nikamwambia, akaongeza vidonge viwili. Katikati ya juma lililofuata kidato cha chini cha ngazi hakikuonekana tena, na ukuta ulio upande wa mjakaranda ukaota utelezi wa kijani. Ukipitisha kidole kinaacha mstari. Watoto wangu na wa jirani walitoka majini na macho mekundu, mwanangu mdogo wa miaka sita akalala na kitambaa baridi usoni.

Fundi anasema klorini ipo. Alichovya kile kikaratasi chake mbele yangu, kikageuka zambarau: "Mama, ona mwenyewe, ni 3." Kweli niliona. Na harufu ya klorini inafika mpaka barazani. Sasa kama ipo, kijani kinatoka wapi? Anataka dola 150 za "dawa ya nguvu". Simtuhumu wizi, ni mtu wa adabu na watoto wanampenda. Ila kaka ananipigia simu kila jioni, nami sijui hata nimjibu nini. Nataka kuelewa kile ninacholipia.


kijana_wa_kampemba alijibu:

Mama, hiyo 150 usitoe. Tafuta sulfati ya shaba, zile chembe za bluu, kilo moja tu inatosha. Shaba na Katanga ni mtu na ndugu yake, huwezi kuikosa. Mjomba wangu aliimwaga jioni, asubuhi kijani kimekufa chote. Ukikosa, mwaga madumu matano ya javeli, ile klorini ya maji ya kufulia.


fundi_wa_maji alijibu:

Jambo mama. Natunza pisini za watu tangu 2009, kwa sasa ninazo 11 kati ya Golf, Makomeno na huko kwenu Bel-Air. Nitaandika kirefu kwa sababu ugonjwa huu nauona kila mwaka mwezi huu huu, na karibu kila mara watu wanatibu kisicho ugonjwa.

Ile sulfati ya shaba naomba uiache kwanza. Ni kweli inaua kijani. Lakini shaba haiondoki majini. Ukiweka klorini juu yake inashika kwenye kuta na mistari ya karo, vile vigae vya pisini, inaacha madoa ya kijani na ya kahawia ambayo brashi haiyatoi. Nilikesha Golf siku nne nikisugua madoa hayo kwa ajili ya mtu aliyeweka kilo moja kama alivyosema mdogo wangu hapo juu. Na chanzo cha tatizo lako kitakuwa bado kimekaa palepale.

Chanzo ni vidonge. Kidonge cha gramu 200 si klorini tupu: zaidi ya nusu ya uzito wake ni asidi ya sianuriki, sisi tunaiita stabilizanti. Yenyewe si adui. Inaikinga klorini na jua. Pisini isiyo na stabilizanti kabisa, jua la saa sita linakula nusu ya klorini kabla watoto hawajaitwa mezani. Inatakiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Shida ni kwamba klorini hufanya kazi ikaisha, lakini stabilizanti haiishi. Jua linavuta maji tu, stabilizanti linaiacha ndani. Unajaza maji mapya kufidia yaliyokauka, unaweka vidonge vingine, nayo inazidi kupanda.

Tupige hesabu ya kwako. Mita 8 mara 4, kina cha wastani 1.4: ni karibu mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Vidonge vinne kwa juma ni gramu 800, na ndani yake mna kama gramu 440 za stabilizanti. Gawanya: karibu miligramu 10 kwa lita, kila juma. Ulipoingia Novemba mvua zilikuwa zinaanza. Pisini ilikuwa inafurika na kumwaga maji ya zamani, kwa hiyo hukuona kitu. Mvua zilipokata, Aprili mpaka sasa, hakuna kilichotoka isipokuwa maji kidogo ya kuoshea chujio. Hesabu majuma hayo mwenyewe. Sitashangaa ukikuta umepita 150.

Stabilizanti ikifika huko, klorini inakuwa kama mbwa wako aliyefungwa mnyororo mfupi. Yupo, unamsikia akibweka, lakini mwizi anapita ukutani. Kikaratasi cha fundi hakikudanganya: 3 ipo, ila nyingi imefungwa. Sisi tunakadiria klorini isishuke chini ya sehemu 7 kwa 100 ya stabilizanti. Ukiwa na 40, klorini ya 3 inatosha. Ukiwa na 150 unahitaji zaidi ya 10, na kila kidonge unachoongeza ili uifikie kinaisukuma mbali zaidi. Ndiyo maana vile viwili vya nyongeza havikusaidia chochote.

Harufu na macho mekundu pia watu wanavielewa kinyume. Pisini yenye klorini nzima hainuki sana. Kinachonuka na kuchoma macho ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, nayo haina tena nguvu ya kuua kitu. Mtu akisikia harufu anasema klorini imezidi, anapunguza. Hapo maji yanaharibika kabisa.

Usiniamini kwa maneno, pima. Vikaratasi vingi vya bei nafuu havina sehemu ya stabilizanti, na vyenye nayo vinakisia. Tafuta kipimo cha kichupa chenye doti nyeusi chini. Kwenye maduka ya vifaa vya pisini mjini kinapatikana, vingi vinapitia mpakani Kasumbalesa. Unachanganya maji ya pisini na dawa yake, yanakuwa meupe kama maziwa. Kisha unasimama nje mchana, jua likiwa mgongoni kwako, unamimina pole pole ndani ya kichupa huku ukitazama kutoka juu. Doti ikipotea machoni, acha, soma mstari. Kipimo kinaishia 100, na mstari huo ndio wa chini kabisa kwenye kichupa: doti ikipotea mapema, stabilizanti ni nyingi. Doti ikipotea kwenye mstari wa 100 au kabla, changanya maji ya pisini nusu kwa nusu na maji ya bomba, rudia, halafu zidisha jibu kwa mbili.

Jambo lingine, na hili kwa mji wetu wa delestaji, kukatwa umeme kwa zamu, ni kubwa. Vidonge visikae ndani ya skima. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nane, pampu imelala, vidonge vinaendelea kuyeyuka ndani ya maji yaliyosimama. Maji hayo yanakuwa asidi kali. Umeme ukirudi, ya kwanza kuyanywa ni pampu yako. Nimefungua pampu ambazo mpira wa ndani umeliwa kama sabuni, na mwenyewe anasema mtengenezaji alimuuzia pampu mbovu. Vidonge viwekwe kwenye kile chombo kinachoelea.

Nina swali: saa ya presha juu ya chujio inasoma ngapi, na inasoma ngapi chujio likiwa limetoka kuoshwa?


mama_wa_belair alijibu:

Aksanti sana papa, umenieleza kuliko mtu yeyote. Nilipata kile kichupa jana mjini. Leo saa sita nilisimama uani na binti yangu. Mara ya kwanza doti ilipotea mapema kabisa, kichupa hakijafika hata mstari wa 100. Tukachanganya nusu kwa nusu, doti ikapotea kwenye 80. Kwa hiyo ni 160. Binti yangu alitaka kurudia mara tatu, na mara tatu ilikuwa vilevile.

Presha inasoma 1.6. Ikiwa safi sijui, na fundi naye aliponijibu niliona hajui. Hakuwahi kuandika.

Sasa nifanyeje? Na nimwambieje yule kijana, fundi wetu? Sitaki kumfukuza. Ana mke na mtoto mchanga.


jirani_makomeno alijibu:

Mama, naomba uniruhusu niseme kitu, si cha dawa. Ukichelewa na hiyo pisini chunga mbu. Nyuma yetu kulikuwa na nyumba isiyo na mtu, pisini yake imekaa kijani tangu Januari. Machi mwanangu wa miaka minne alishikwa na malaria mara mbili. Sisemi ni pisini ile iliyomuuma, mbu wako kila mahali. Lakini nilimwomba sentineli, mlinzi wa nyumba, anifungulie, nikachota maji kwa bakuli jeupe la plastiki, na nilichoona sijakisahau. Wadudu wadogo wengi, wengine wananing'inia kichwa chini, wengine wamelala bapa juu ya maji kama vijiti vya kiberiti vilivyokatwa. Muuguzi wa kituo chetu cha afya aliniambia wale wanaolala bapa ndio watoto wa anofele, wa malaria. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku chache, mara nyingi juma moja hadi mawili.

Chota kwa bakuli jeupe kila asubuhi, pembeni penye majani. Na watoto wasikaribie, maji yasiyoonyesha chini yanaficha hata mtu mzima. Tafadhali sana mama, hilo la pili usilisahau hata siku moja.


fundi_wa_maji alijibu:

Hilo la jirani la maji yasiyoonyesha chini liko mbele ya mengine yote. Kama hauna mlango unaofungwa kwa ufunguo kati ya uwanja na pisini, weka mtu leo.

Mama, 160 haina dawa ya dukani itakayokutoa hapo kwa bei ya maana. Inatolewa kwa kumwaga maji. Lakini usikaushe pisini yote. Ikiwa tupu, jua la Oktoba linapasua karo, na mvua zikiwahi, maji ya ardhini yanaweza kuisukuma pisini nzima kutoka chini ikapasuka. Maji yaliyomo ndiyo uzito unaoishikilia. Mwaga nusu, jaza: 160 inakuwa 80. Zungusha pampu siku nzima yachanganyike. Mwaga nusu tena, jaza: 40. Hapo umefika. Fanya sasa kabla ya Novemba.

Kila nusu ni lita 22,500. Mpira wa bustani unaotoa lita 15 kwa dakika utachukua saa 25 za maji yanayotiririka, na REGIDESO, kampuni ya maji ya bomba, najua haitakupa saa 25 mfululizo, kwa hiyo panga siku nne au tano kwa kila nusu. Maji unayotoa usiyaelekeze kwa jirani. Siku tatu kabla usiweke klorini, ishuke yenyewe, kisha mwagia majani ya uwanja kidogo kidogo.

Maji mapya yakikaa, pima pH kwanza, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Iwe 7.2 hadi 7.4. Watu wanaikimbilia klorini na kuiacha pH, wakati klorini hiyohiyo kwenye pH ya 8 inapoteza sehemu kubwa ya ukali wake. Maji yetu yanatoka kwenye miamba ya chokaa, angalia chini ya birika lako la chai, kwa hiyo pH hupenda kupanda. Ishushe kwa asidi, kidogo, pampu ikizunguka.

Kisha jioni, jua limezama, chukua klorini ya chembechembe ya kalsiamu, ile ya asilimia 65, gramu 700. Itakupandishia kama miligramu 10 kwa lita. Jaza ndoo maji kwanza, halafu tia unga ndani ya maji. Usigeuze, kumwaga maji juu ya unga. Piga brashi kuta zote, hasa ule wa mjakaranda, mpaka mkono uchoke. Pampu izunguke usiku na mchana kila umeme ukiwepo, na klorini ikishuka irudishe, mpaka uone vidato vyote vya ngazi. Watoto warudi klorini ikiwa imeshuka hadi 3. Baada ya hapo klorini ya kila siku iwe ya chembe au javeli. Mdogo wangu wa Kampemba hakukosea yote: javeli isiyo na manukato haina stabilizanti ndani. Vidonge viwe vya safari tu.

Naandika hili polepole ulisome polepole: chembe hizo na vidonge visikutane kamwe, vikiwa vikavu au na unyevu kidogo. Mwaka wangu wa pili kazini nilitia chembe ndani ya chombo kinachoelea ambacho kilikuwa na mabaki ya kidonge. Nilisikia kama kitu kinakaanga, nikakitupa majini, kifuniko kikaruka kikapita karibu na shavu langu na moshi wa njano ukafuata. Nilikohoa siku mbili. Kijiko cha huku kisiende kule, na asidi ikae chumba kingine kabisa. Asidi na klorini vikikutana vinatoa gesi inayoua.

Kuhusu kijana. Wengi wetu tulifundishwa hivyohivyo: wavu, brashi, vidonge, kwaheri. Hakuna aliyemwonyesha ile doti. Mkalishe, mpe kichupa mkononi apime mwenyewe mbele yako, usimhubirie. Mimi nilijifunza hivyo kwa mzee mmoja mwenye pisini hapa Golf, hakunigombeza, alinipa kichupa. Kisha nunua daftari, litundike kwa kamba kibandani. Kila Jumamosi aandike tarehe, klorini, pH, presha, alichoweka na gramu ngapi. Stabilizanti mara moja kwa mwezi. Chujio aoshe kinyumenyume, na siku hiyo aandike presha ya usafi; ikipanda nusu ya bar juu ya hapo, ndiyo siku ya kuosha tena, si kila juma kwa mazoea. Pampu izimwe kabla ya kugeuza mkono wa vali, sikuzote. Mchanga wa chujio una miaka mingapi? Kama kaka hakumbuki, upange kuubadilisha. Mimi nabadilisha kila miaka mitano hivi.

Na pampu izunguke saa ngapi kwa siku? Soma kibati chake. Kama ni mita za ujazo 8 kwa saa, maji yako 45 yanapita yote karibu saa 6. Umeme ukija usiku tu, iende usiku, maji hayajali. Kazi hii ikifanywa vizuri ni saa moja na nusu kwa juma, si dakika 25. Dola 80 kwa kazi hiyo ni haki yake, hapo msipunguze.


mama_wa_belair alijibu:

Narudi baada ya majuma matatu, nilisema nitatoa habari.

Tumemwaga mara mbili. Mara ya pili maji ya bomba yalikatika siku mbili katikati, tukasubiri. Kijana alipima mwenyewe, doti ikapotea ambapo hakutegemea, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kusema kitu muda mrefu. Halafu akaniuliza kama anaweza kuazima kichupa aende nacho kwenye nyumba zake nyingine tatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa juu ya 100. Zile dola 150 hakuzitaja tena. Nilimnunulia kichupa chake.

Jana stabilizanti 42, klorini 3, pH 7.4, presha 0.9 baada ya kuosha. Ile 1.6 kumbe chujio lilikuwa limeziba. Naona vidato vyote vya ngazi, na sarafu ya mwanangu iliyopotea tangu Septemba imelala pale kwenye tundu la chini. Macho ya watoto ni meupe. Bakuli jeupe naendelea kila asubuhi, dada wa Makomeno, halina kitu ila maua ya mjakaranda.

Kaka nimemtumia picha ya daftari. Amepiga simu kuuliza presha ni nini.

Swali moja limebaki papa. Mvua ya kwanza imenyesha jana usiku, kubwa, na pisini imejaa mpaka mdomoni. Niyaache yafurike au nitoe?


fundi_wa_maji alijibu:

Toa mpaka katikati ya mdomo wa skima, usipofanya hivyo skima haivuti majani. Toa kwa kuosha chujio, utakuwa umefanya kazi mbili kwa maji yaleyale. Mvua kubwa inaleta vumbi la paa na inashusha klorini, kwa hiyo pima leo hiihii, usisubiri Jumamosi. Na kuanzia sasa mpaka Machi stabilizanti itashuka yenyewe kwa kufurika. Ikifika chini ya 30, hapo unaweza kumruhusu kijana aweke vidonge viwili, kwenye kile chombo kinachoelea.